Ingizo Sahihi na Ingizo la Kweli: Funzo kwa Mwanaprogramu Chipukizi

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, tangu Umoja hadi Kayole, mboga, nauli na hata kodi ya chumba hulipwa kwa M-Pesa, huduma iliyozinduliwa na Safaricom mwezi Machi 2007. Tarakimu moja ikikosewa, kodi ya mwezi mzima huweza kuangukia mikononi mwa mtu asiyejulikana. Kwa hivyo, utumaji wa pesa ni mfano mwafaka kwa mwanafunzi anayejifunza kuchunguza makosa ya mtumiaji wa programu.

Hatua ya kwanza ni kuchunguza umbo. Katika lugha ya Python, amri ya input hupokea kila kinachochapwa kama mfuatano wa herufi. Aghalabu mwanafunzi huharakisha kuugeuza kuwa nambari, na hapo sufuri inayotangulia nambari ya simu hupotea. Nambari ya simu haijumlishwi wala haizidishwi. Basi na ibaki maandishi. Programu iondoe nafasi, kisha iulize: Je, zote ni tarakimu? Je, ni kumi? Je, zinaanza na 07 au 01?

Kiasi cha pesa, kwa upande wake, hugeuzwa kuwa nambari. Mtumiaji akiandika "mia mbili" kwa maneno, programu isiyo na tahadhari hukatika. Akiandika -200, programu haikatiki, ila salio lake huongezeka badala ya kupungua! Ndiposa upeo nao huchunguzwa: kiasi kizidi sufuri na kisizidi salio.

Ujumbe wa kosa pia una uzito. "Kosa!" halimfunzi mtu. "Nambari iwe na tarakimu 10, umeandika 9" humwonyesha pa kurekebisha, kisha hurudishwa kwenye swali lile lile.

Hata hivyo, umbo si maana. Sentensi "Kiti kimekula wali" ina upatanisho kamili wa kisarufi, lakini haina mantiki. Vivyo hivyo, tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, nambari hufaulu majaribio yote na bado ikawa ya mtu mwingine. Hapo tarakilishi haina budi kumrudia binadamu. Ndiyo sababu M-Pesa iliongezewa Hakikisha, inayomwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla ya kukamilisha malipo. Kitenzi hicho, kilichotokana na "hakika", kinabeba somo zima: programu hukagua umbo, mwenye pesa huthibitisha ukweli.