Mirathi Ikikawizwa Huzaa Uadui

Hitima ikishasomwa na mikeka ikakunjwa, sisi watu wa pwani tuna desturi ya kuona haya kutaja mali ya marehemu. Atajaye mwanzo huitwa mwenye tamaa, hasa akiwa mwanamke. Basi nyumba huachwa katika jina la maiti, kodi huchukuliwa na kaka mkubwa, na miaka hupita. Haya hiyo, ndugu msomaji, si adabu. Ni mlango wa dhuluma.

Dini haikuuacha mlango huo wazi. Katika mali ya maiti hutolewa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni. Na mahari ya mke yasiyolipwa ni deni kama madeni mengine. Baadaye hutekelezwa wasia, usiozidi thuluthi. Kilichosalia ndicho mirathi, na mafungu yake yametajwa katika Sura An-Nisaa, aya ya 11, ya 12 na ya 176.

Tupige mfano. Mtu amekufa, wazazi wake walishatangulia. Ameacha mke, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Mke ana thumuni. Iliyobaki ni ya watoto, mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Mali ikifanywa sehemu 40, mke apata 5, kila mwana wa kiume 14, na binti 7. Hesabu nyepesi. Lakini ikikawizwa, mmoja wa wana akafa naye ana mke na watoto wa kiume na wa kike, zile 14 zake zagawanywa upya: mamake ana sudusi, mjane wake thumuni, watoto wake wachukua baki. Wanazuoni huiita munasakha. Vikipita vizazi vitatu, nyumba moja ina warithi makumi, wengine Mombasa, wengine Maskati, na hakuna awezaye kuiuza wala kuitengeneza.

Serikali nayo imeweka njia. Kwa kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010, kadhi husikiliza shauri la mirathi iwapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa mbele yake. Mmoja akikataa, shauri huenda Mahakama Kuu. Na huko pia mali ya Mwislamu hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu, tangu Sheria ya Urithi ilipobadilishwa mwaka 1990.

Aendaye kwa kadhi na achukue cheti cha kifo, barua ya chifu yenye majina ya warithi, vitambulisho na hati za mali. Pakiwa na mvutano, atafutwe wakili ajuaye faraidhi. Asiye na uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 imempa njia ya kuomba msaada. Na ajitwaliaye mali ya maiti pasi na idhini ajue ni kosa: faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Huenda isitoshe kumaliza shauri, lakini yatosha kuwakalisha warithi kitako, kuandika mali na madeni, na kumwambia binti fungu lake kabla hajaliuliza.