Spika Zisizopiga Kelele

Ndugu msomaji, wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Juma hili nimeona nikueleze habari za spika zangu mbili ambazo hazivumi kabisa, na ambazo nusura zinigombanishe na watu wa nyumbani kwangu.

Nilizinunua kwa mtaalamu mmoja wa kigeni aliyemaliza mkataba wake hapa Dar es Salaam na kuuza vyombo vyake kabla ya kurudi kwao. Fedha niliyotoa ilikuwa imetengwa kwa ajili ya dari ya vyumba viwili. Nilipoziteremsha kwenye pikapu, mke wangu akavitazama vitu hivyo: viwili, vipana, vimepinda kidogo, vina wavu wa chuma kwa mbele na vimesimama juu ya vijiguu vya mbao. Akauliza, "Baba Rehema, umenunua hita? Februari hii?" Sikuwa na jibu la haraka, maana ni kweli zinafanana na hita.

Hizo ni spika za Quad, zilizotengenezwa Uingereza na kampuni ambayo Peter Walker aliianzisha mwaka 1936. Spika ya namna hii iliingia sokoni mwaka 1957 na ikaendelea kutengenezwa hadi mwaka 1985. Kwa nini kitu kimoja kidumu kiwandani karibu miaka 30, wakati redio na televisheni hubadilishwa sura kila mwaka? Jibu limo ndani yake.

Spika ya kawaida, iwe ya redio ya mkononi au ya ukumbi wa dansi, ina koni iliyogandishwa kwenye koili ya waya, na koili hiyo imo ndani ya sumaku. Umeme wa muziki ukipita kwenye koili, sumaku huisukuma mbele na nyuma, nayo koni husukuma hewa. Wamarekani wawili, Chester Rice na Edward Kellogg, waliueleza mpango huo mwaka 1925, na hadi leo ndio unaotumika karibu kila mahali. Ni mpango mzuri na wenye nguvu. Lakini koni ina uzito, na inasukumwa kutoka katikati tu. Kuianzisha kunachelewa kidogo, na kuisimamisha kunachelewa pia. Tena imo ndani ya sanduku, na sanduku nalo hutikisika na kutia sauti yake.

Spika zangu hazina koni, wala sumaku, wala sanduku. Zinatumia umeme tuli. Ulipokuwa mtoto, bila shaka uliwahi kuchana nywele kavu kwa kitana cha plastiki, kisha ukakisogeza kwenye vipande vidogo vya karatasi, navyo vikarukia kitana. Nguvu ile ile ndiyo inayofanya kazi hapa. Katikati pana utando wa plastiki, mwembamba kuliko unywele mara kadhaa, umepakwa dawa ya kuushikisha chaji ya umeme ya maelfu ya volti. Mbele yake na nyuma yake pana mabamba yenye vitundu. Muziki unapoingia kwenye mabamba hayo, bamba moja huuvuta utando na jingine huusukuma, kisha yanabadilishana, na utando wote huenda kwa pamoja. Uzito wake haupiti sana ule wa hewa yenye unene wa sentimita moja au mbili. Kwa hiyo muziki ukianza, nao huanza. Muziki ukinyamaza, nao hunyamaza.

Jambo lililonigusa zaidi mimi mtu wa redio ni hili. Maikrofoni nyingi za studio hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo, ila kinyumenyume. Edward Wente wa Marekani aliibuni maikrofoni ya aina hiyo mwaka 1916: utando mwembamba mbele ya bamba lenye chaji, na sauti ya mtu inapoutikisa utando, umeme hubadilika. Basi sauti inayoingia kupitia utando studioni hutoka kupitia utando mwingine sebuleni kwangu. Nilipopiga kaseti ya mahojiano yangu ya zamani, nilisikia mate yakimezwa na kiti kikilia. Nilisikia pia kwamba nilikuwa ninamkatiza mzee wa watu kila alipotaka kuvuta pumzi. Kwa miaka mingi nilijisifu kwa mahojiano yale. Siku hiyo niliona haya.

Sasa nisikudanganye, maana spika hizi zina matatizo yake. Sauti hutoka mbele na nyuma kwa pamoja, hivyo huwezi kuzibana ukutani. Zinataka nafasi ya mita moja hivi nyuma yake. Makochi yetu yamehama. Besi yake ni safi lakini si nzito, kwa sababu mawimbi ya mbele na ya nyuma hukutana pembeni na kumezana. Halafu kiti kinachosikia vizuri kabisa ni kimoja tu, cha katikati. Walker mwenyewe alilishughulikia jambo hilo katika spika yake ya pili, iliyotoka mwaka 1981, kwa kuyagawa mabamba duara ndani ya duara, na kila duara likachelewa kidogo kuliko lile la ndani yake, ili sauti isambae kama inayotoka mahali pamoja. Mimi ninazo zile za kwanza, basi tunapokezana kiti.

Adui mwingine ni hewa yetu ya pwani. Unyevunyevu na vumbi hupunguza ile chaji, na wakati wa masika spika yangu ya kushoto hunong'ona tu. Siku hizo huchomoa waya ukutani, nikazifunika kwa shuka na kusubiri mvua ikatike. Wala usithubutu kuzifungua mwenyewe: volti zake ni za hatari, na chaji hubaki ndani hata baada ya kuzima.

Lakini kisa kikubwa kilitokea sikukuu ya Idi. Mpwa wangu alikuja na wenzake, wakaona muziki hauchangamki, wakakivuta kitufe cha sauti hadi mwisho. Tukasikia mlio mkali, cheche ikaonekana nyuma ya wavu, na harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa sebuleni. Utando ulikuwa umetoboka. Matengenezo yalikula karibu mshahara wangu wa mwezi mzima, na ile dari ikasogea mbele tena. Mpwa akasema, "Mjomba, samahani, sikujua kama kuna spika isiyotaka kelele."

Neno lake halijanitoka. Miezi michache kabla ya hapo daktari aliniambia kwamba sikio langu la kulia limepungua uwezo, kwa sababu ya miaka 20 ya kuvaa hedifoni kwa sauti ya juu. Kilichopotea hakirudi. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli tatu, muda huo hupungua kwa nusu, na zikifika 100 unabaki na dakika 15. Sasa fikiria arusi zetu, baa zetu na daladala zetu. Tunakaa humo kwa dakika ngapi?

Sikushauri ukanunue spika kama zangu. Ni ghali, ni dhaifu, na mafundi wake ni wachache. Lakini hata spika uliyonayo inaweza kukupa sehemu ya faida hii. Itoe kwenye kona, iinue ifike usawa wa masikio, tundika pazia zito, kisha punguza sauti badala ya kuiongeza. Kaa kitako, usikilize wimbo mmoja hadi mwisho. Gitaa la marehemu Mbaraka Mwinshehe halihitaji kutikisa bati la jirani ndipo likuingie moyoni.

Jioni siku hizi mke wangu ndiye huwahi kile kiti cha katikati. Dari bado haijakwisha. Juzi alinigeukia akasema, "Baba Rehema, zima feni kwanza, hita yako inataka kusema."

Hadi juma lijalo, ndugu msomaji, tunza masikio yako.