Umejuaje?

Mara nyingi kazi ya kikundi shuleni huishia hivi: mmoja anaandika, wenzake wanaongeza majina. Siku ya ekspoze anasimama mbele, karatasi imemfunika uso, anasoma Kifaransa ambacho hata yeye hakukielewa. Makofi yanapigwa, pointi zinagawanywa sawasawa. Inaniuma, kwa sababu kazi hiyohiyo ingeweza kuwafundisha watoto wetu wa Bunia, hapa Ituri, jambo ambalo kitabu hakiwezi.

Chukua swali dogo: kwa nini samaki wa Ziwa Albert wanapanda bei wakifika sokoni Bunia? Watoto watano watagawana kazi. Wawili waende na daftari kwa akina mama wanaouza, mmoja amtafute dereva anayeleta mzigo kutoka Kasenyi, wengine waandike bei kila jioni kwa wiki nzima. Wakikutana, maneno yanagongana. Dereva analaumu barabara na usalama. Mama analaumu mbalamwezi, maana wavuvi wa taa hawapati kitu. Hapo ndipo swali linazaliwa: wewe umejuaje? Umeona, au umesikia tu?

Ituri tunajua gharama ya kutouliza hivyo. Kati ya 2018 na 2020 Ebola iliwapata watu 3,470 Kongo mashariki, ikaua 2,287, na wako waliokataa matibabu kwa sababu ya maneno ya kusikia. Uchochezi wa kikabila nao hupita njia hiyohiyo. Ndiyo maana ningependa mwalimu apange vikundi mwenyewe, asiwaache watoto wakae na wa kwao.

Ubishi wao ni wa Kiswahili. Ekspoze ni ya Kifaransa. Kuvusha fikra kutoka lugha moja hadi nyingine kunamfichua asiyeelewa, kwa kuwa sentensi ya kukariri haivuki. Tena Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ina sehemu ya Kifaransa cha mdomo. Mtoto ambaye hajawahi kuulizwa mbele ya wenzake atajifunzia wapi kujibu?

Kwa hiyo karatasi iwekwe chini, na dakika nyingi ziachiwe maswali. Msichana wa kikundi cha samaki ameandika ubaoni bei ya fungu, Jumatatu hadi Jumamosi. Mvulana wa nyuma ananyoosha mkono: “Mafungu yote yalikuwa na uzito sawa?” Kimya. Wanatazamana, hakuna aliyepima. Mwalimu asiwajibie. Awape siku tatu na mizani ya kuazima, warudi sokoni.