Ukubwa wa Punje na Nguvu ya Mbegu ya Soya

Takriban asilimia 40 ya uzito wa punje ya soya ni protini na asilimia 20 ni mafuta, na sehemu kubwa ya akiba hiyo imo katika kotiledoni, yaani vile vipande viwili vinene vinavyoachana punje inapomenywa, ambavyo huulisha mche mpaka majani yake yaanze kujitengenezea chakula. Kwa hiyo, wanaoamini kwamba punje kubwa ndiyo mbegu bora wana hoja, kwani katika aina moja ya soya punje nzito iliyokomaa vizuri mara nyingi hutoa mche mnene kuliko punje nyepesi, na punje zilizosinyaa hazifai kabisa kupandwa.

Hata hivyo, ukubwa una gharama yake. Soya inapoota, shina changa hujikunja kama kulabu, hupasua udongo kwa mgongo wake, kisha huvuta kotiledoni nyuma yake. Mvua kubwa ikifuatwa na jua kali, udongo hufanya ukoko, kotiledoni pana hukwama chini yake, na shina huweza kukatika. Isitoshe, mzizi mchanga umelala chini tu ya ganda jembamba, hivyo punje kubwa iliyokauka kupita kiasi huumia kwa urahisi inapopurwa kwa fimbo au mashine, hata pale ambapo jicho halioni ufa wowote.

Katika nchi za joto tofauti kati ya punje kubwa na ndogo huonekana zaidi ghalani. Watafiti wa taasisi ya kilimo cha tropiki ya IITA, Ibadan, Nigeria, waliona kwamba aina za Marekani zenye punje kubwa zilipoteza uhai upesi, ilhali aina za Indonesia zenye punje ndogo zilidumu, wakazitumia hizo katika uzalishaji wa aina mpya.

Nguvu ya mbegu, ambayo ni uwezo wa kuchomoza haraka na kwa pamoja hata katika mazingira magumu, hupimwa maabara kwa kuloweka punje 50 katika mililita 250 za maji kwa saa 24: utando wa seli ukiwa umechakaa, chumvi na sukari huvuja, na maji hupitisha umeme zaidi. Mkulima asiye na kifaa cha kupimia umeme huo anaweza kufukia punje 100 katika mchanga wenye unyevu wiki mbili kabla ya msimu, akahesabu zilizochomoza mapema na zilizochelewa.