Moyo wa mtoto ukipiga polepole, mchawi hahusiki

Mbeya na Iringa bado kuna wanaoamini kwamba mtoto anayezaliwa na mapigo ya taratibu amechezewa. Mganga huikuta familia imechanganyikiwa, akaiuzia hirizi, na huko ni kuwaibia watu walio kwenye msiba. Moyo wa mtoto tumboni hupiga kati ya mara 110 na 160 kwa dakika. Mkunga akihesabu 60 na zikabaki 60, sababu moja kubwa hupimwa katika damu ya mama: kingamwili ziitwazo anti-Ro, zinazoshambulia protini za mwili wenyewe.

Kingamwili hizo huvuka kondo la nyuma, na madhara huonekana zaidi kati ya wiki ya 18 na ya 24. Seli nyingi za moyo huanzisha umeme wake kwa sodiamu inayoingia kwa kasi, lakini zile za kifundo kinachounganisha vyumba vya juu na vya chini hutegemea kalsiamu. Hapo ndipo penye udhaifu. Anti-Ro hubana milango ya kalsiamu, mkondo hufifia, na umeme kutoka juu huchelewa au haufiki kabisa. Hufuata uvimbe, kisha kovu, na kovu halipitishi umeme, hivyo vyumba vya chini hubaki vikipiga kwa mwendo wao wenyewe. Kwa watu wazima kingamwili hizohizo huweza kubana milango ya potasiamu. Seli huchelewa kutulia baada ya kila pigo, na mapigo huweza kuvurugika.

Wapo wanaouliza: mbona mama mwenyewe ni mzima? Wengi wa mama hao hawana dalili yoyote ya lupasi, ugonjwa unaohusishwa na kingamwili hizi, na moyo uliokomaa una akiba kubwa zaidi ya kalsiamu kuliko wa kichanga. Wengine husema tatizo ni nadra. Kweli, huwapata watoto 1 hadi 2 kati ya 100 wa mama wenye anti-Ro. Lakini kwa mama aliyekwisha kupata mtoto wa namna hiyo, hatari katika mimba inayofuata hufika karibu 18 kwa 100, na utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha ikishuka hadi takribani 7 kwa dawa iitwayo haidroksiklorokwini. Anayeambiwa amerogwa hapimwi, na nafasi hiyo humpita.

Mapigo yakiwa chini ya 110, omba rufaa mapema. Betri ya moyo, yaani kifaa kinachouchochea moyo upige, huwekwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, kwa hiyo mahali pa kujifungulia papangwe kabla ya uchungu. Kwa mimba inayofuata, mwone daktari mapema: katika utafiti ule dawa ilianzwa kabla ya wiki ya 10.