Fahamu: Safari ndefu ya hundi ya dola iliyoingizwa benki Katesh

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, ina uhusiano na Norway tangu 1955. Maporomoko ya matope ya Katesh, Hanang, Desemba 3, 2023, nayo yaliwagusa wengi nje ya nchi. Fedha za ng'ambo si ngeni Mbulu na Hanang. Zinazoleta shida ni zile zinazokuja kwa hundi.

Hundi ya shilingi hupita kwenye mfumo wa Benki Kuu ya Tanzania ulioanza 2015, unaotuma picha badala ya karatasi. Ya Marekani haimo humo. Karatasi yenyewe husafirishwa kupitia makao makuu ya benki na benki wakala ng'ambo, hadi benki ya mtoaji ikubali kulipa. Wiki hupita, ada hukatwa njiani, na hundi ya dola 50 huweza kuisha yote kwa makato. Ikizidi miezi 6, benki ya Marekani hailazimiki kuilipa.

Matapeli wanaujua ucheleweshaji huu. Hundi bandia huweza kuonekana imelipwa, kisha ikarudi, na deni likabaki kwa mteja.

Marekani yenyewe iliamua kuachana na hundi nyingi za serikali kuanzia Septemba 30, 2025. Kwa hiyo anayesubiri fedha Katesh au Mbulu ni heri amtumie mfadhili namba ya akaunti na msimbo wa SWIFT wa benki yake, ili fedha zitumwe moja kwa moja badala ya hundi.