Injini Inapozimika Angani

Watoto wa Likasi wakisikia mlio wa ndege ndogo juu ya mji, hutoka mbio na kutazama juu. Mara nyingi mdogo humwuliza mkubwa, “Yaya, injini yake ikizimika, itaanguka kama jiwe?” Mkubwa hujibu, “Ndiyo, hakuna atakayepona.” Lakini jibu hilo si kweli. Na tuone kwanza kwa nini injini huzimika, kisha tuone rubani hufanya nini.

Injini ya ndege ndogo hutaka vitu vitatu: petroli, hewa na cheche ya moto. Fikiri mbabula ya mama jikoni. Makala yakiisha, moto hufa. Matundu yakizibwa na majivu, moto hufa vilevile, ingawa makala yangalipo. Na pasipo kiberiti, moto hauanzi kamwe. Ndivyo ilivyo injini. Kikikosekana kimoja tu katika vitatu hivi, nguvu hupungua, au injini hunyamaza kabisa.

Petroli yaweza kumalizika kwa sababu rubani hakupima vizuri. Yaweza pia kuingiwa na maji. Tangi likilala nusu tupu usiku wa baridi, umande hutokea ndani yake, kama vile matone yatokeavyo chini ya bati la nyumba. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini ya tangi, na petroli hutolewa huko huko chini. Ndiyo sababu kila asubuhi rubani mwenye akili hutoa petroli kidogo ndani ya glasi, akaitazama kwenye mwanga. Akiona maji yamejitenga chini, huyamwaga, hutoa tena, na haruki mpaka petroli iwe safi.

Hewa nayo ina mambo yake. Mji wa Likasi uko juu, zaidi ya meta 1,200 kupita usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi, na jua likiwa kali huzidi kuwa nyepesi. Injini hupata hewa haba, nguvu zake hupungua, na ndege hutaka uwanja mrefu zaidi ili iruke. Rubani asiyekumbuka jambo hilo akapakia mizigo mingi, hujitafutia hatari.

Liko jambo jingine, dogo sana. Chukua kopo la maziwa, ulitoboe tundu moja tu. Ukiliinamisha, maziwa hudondoka polepole, kisha husimama. Toboa tundu la pili upande wa pili, nayo humiminika vizuri. Kwa nini? Kwa sababu sasa hewa huingia na kushika nafasi ya maziwa yatokayo. Tangi la ndege nalo lina tundu lake la hewa. Likizibwa, petroli haiendi kwenye injini, hata kama tangi limejaa.

Tundu la namna hiyo karibu limwue rubani mmoja wa Afrika ya Mashariki. Jina lake Beryl Markham. Alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya angali mtoto mdogo, akakulia Njoro, ambako baba yake alifundisha farasi wa mashindano. Alijifunza Kiswahili tangu utoto. Alipokuwa mtu mzima alijifunza kurusha ndege, akafanya kazi ya kupeleka barua, abiria na mizigo mahali pasipo na njia.

Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 aliondoka Abingdon, Uingereza, peke yake, katika ndege ndogo yenye injini moja. Alitaka kuvuka Bahari ya Atlantiki mpaka New York bila kutua. Upepo ulimkabili usoni, mvua ilinyesha, na usiku ulikuwa mweusi. Ndani ya ndege yaliwekwa matangi ya ziada, na moja likiisha ilimpasa kufungua bilula ya jingine kwa mkono.

Usiku huo, juu ya bahari, tangi moja liliisha na injini ikanyamaza ghafula. Ndege ikaanza kushuka. Mtu asiyefundishwa angevuta usukani ili pua ya ndege iinuke. Beryl alifanya kinyume: alisukuma usukani mbele, pua ikashuka, huku mkono wake ukiitafuta bilula gizani. Zilipobaki kama meta 100 tu mpaka majini, injini ikawaka tena.

Kwa nini aliisukuma pua chini? Kwa sababu kinachoishika ndege angani ni upepo upitao juu na chini ya mabawa yake. Injini kazi yake ni kuivuta ndege mbele, ili upepo huo upatikane. Injini ikinyamaza, mteremko hushika kazi yake, kama baiskeli ishukayo mlima bila kukanyagwa. Lakini pua ikiinuliwa, mwendo hufa, mabawa hukosa upepo, na hapo ndege huanguka kweli. Ndege ndogo nyingi, zikiwa meta 1,000 juu bila injini, huweza kwenda kilometa 8 au 9 kabla ya kugusa nchi. Katika muda huo rubani hutafuta shamba, barabara au uwanda.

Kulipokucha Beryl aliiona nchi ya Kanada. Alikuwa na petroli bado, lakini injini ilianza kukohoa. Barafu ilikuwa imeziba tundu la hewa la tangi la mwisho, nayo petroli ikawa haifiki vizuri. Injini ilizimika, ikawaka, ikazimika tena. Aliiteremsha ndege mahali palipoonekana tambarare, karibu na kijiji cha Baleine. Kumbe palikuwa kinamasi! Magurudumu yalizama, ndege ikachomeka pua matopeni. Beryl aliumia kichwani, lakini alitoka kwa miguu yake. Alikuwa amekaa angani zaidi ya saa 21. New York hakufika kwa ndege yake, lakini alikuwa mwanamke wa kwanza kuivuka bahari ile peke yake kutoka Uingereza bila kutua. Alikufa Nairobi mwaka 1986, mwenye umri wa miaka 83.

Basi, mdogo wako akikuuliza tena, umjibu hivi: “Injini ikizimika, ndege haianguki kama jiwe. Hushuka kama mwewe aliyetandaza mabawa, ikiwa rubani hakupotewa na akili.” Na umwonyeshe kopo la maziwa, apate kujua kwamba tundu dogo laweza kunyamazisha mashine kubwa.

Maswali
1. Injini hutaka vitu gani vitatu?
2. Kwa nini rubani hutazama petroli ndani ya glasi?
3. Kwa nini Beryl Markham alisukuma usukani mbele?
4. Eleza jinsi kopo la maziwa linavyofanana na tangi la ndege.